KIDONGE CHA USIKU SI CHA AIBU

Na mganga msaidizi, Olasiti

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze habari ya maumivu yasiyoonekana. Tuzungumze pia habari ya kidonge kimoja kidogo, ambacho watu wengi hapa kwetu wanakiogopa kuliko wanavyoogopa maumivu yenyewe.

Mama mmoja wa hapa Olasiti alikuja zahanati. Jina lake silitaji. Ana umri wa miaka arobaini na kitu. Analima mahindi na maharage, na ana ng'ombe wawili wa maziwa. Mimi humwita yeyo, kama tunavyowaita mama zetu. Aliniambia, "Mwanangu, mwili wote unauma." Nilimwuliza, unauma wapi? Akacheka kidogo, akasema, "Niulize wapi hapaumi, nitakujibu upesi."

Nilimpima malaria. Hana. Nikampa panadol. Akarudi baada ya wiki mbili, nikampa tena. Alirudi mara tano. Usingizi halali vizuri, na akilala anaamka amechoka kana kwamba amelima usiku kucha. Anasahau mambo. Akikamua ng'ombe mmoja, mikono inachoka kabla ya kumfikia wa pili. Mara ya tano niliandika katika daftari kama kawaida, lakini moyoni nilisema: huyu mama anapenda tu kuja zahanati. Nasema jambo hili kwa aibu. Nilisoma na nina cheti, lakini siku ile cheti changu hakikumsaidia.

Wakati huo huo alikuwa akinunua vidonge vya diklofenaki dukani. Anameza viwili asubuhi na viwili jioni, mwezi baada ya mwezi. Tumbo likaanza kumwaka moto. Ndipo nikashtuka, nikamwandikia barua ya rufaa aende hospitali mjini. Huko daktari alimpima damu, akampiga picha ya eksirei, akamwuliza sana habari za usingizi. Mwisho akamwambia ana ugonjwa unaoitwa fibromialjia.

Neno hili ni refu. Tulisome polepole: fi-bro-mi-al-ji-a. Ni ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, upande wa kulia na wa kushoto, juu na chini, yanayokaa miezi mitatu au zaidi. Pamoja na maumivu huja uchovu, usingizi usioburudisha, na kusahausahau. Unawapata wanawake wengi kuliko wanaume, ingawa wanaume nao wanaupata. Hauambukizi. Hauvimbishi wala haupindi viungo. Haumuui mtu. Wala haukutumwa na jirani, kama wengine wanavyopenda kusema wakiona eksirei haikuonyesha kitu.

Sasa mtu atauliza: kama damu ni nzuri na mifupa ni mizima, maumivu yanatoka wapi? Nitaeleza kwa mfano wa mbwa. Mbwa mzuri wa kulinda boma hubweka akija mwizi au fisi. Kubweka huko kuna faida, maana unaamka na kutazama. Maumivu ya kawaida ni hivyo. Ukikanyaga mwiba, mguu unapiga kelele ili uutoe. Lakini kuna mbwa mwingine hubweka jani likianguka, hubweka upepo ukivuma, hubweka hata kwa kivuli chake. Ukitoka na tochi, huoni kitu. Je, mbwa huyo ni mwongo? Hapana. Kelele ni za kweli, na wewe hulali. Katika fibromialjia, mishipa ya fahamu na ubongo vimekuwa kama mbwa huyo. Kitu kidogo kinapelekwa kwenye ubongo kama kitu kikubwa. Kwa hiyo mwenye ugonjwa huu hajisingizii. Anaumwa kweli.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Si kila anayeumwa mwili mzima ana fibromialjia, na hasa hapa kwetu chini ya Mlima Meru. Tuna mambo yetu mawili ambayo lazima yatazamwe kwanza.

La kwanza ni maji. Maji mengi ya upande huu yana madini ya floridi kupita kiasi. Ndiyo sababu watoto wetu wengi wana meno ya rangi ya kahawia, na mtu wa Arusha akicheka ugenini watu wanajua kwao ni wapi. Shirika la Afya Duniani linasema floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Visima na chemchemi nyingi za kuzunguka mlima zinapita hapo, nyingine mara nyingi. Mtu akinywa maji hayo miaka na miaka, floridi haiishii kwenye meno. Inaingia katika mifupa. Mgongo unakuwa mgumu, shingo haigeuki vizuri, viungo vinauma. Huyo ana ugonjwa wa mifupa, na huonekana kwenye eksirei. Hata magadi tunayotia kwenye maharage yanaweza kuongeza floridi. Wengi hudhani kuchemsha maji kunaiondoa. Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni vizuri tuendelee kuchemsha, lakini floridi inabaki palepale, maana maji yanapungua nayo haipungui. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachoshughulikia jambo hili, na njia yao moja ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kidonge ninachotaka kukueleza leo hakiwezi kuondoa floridi mwilini. Dawa ya floridi ni maji mengine.

La pili ni maziwa mabichi. Ugonjwa wa brusela, ule unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, humpata binadamu pia. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya mgongo na viungo. Huo una vipimo vyake na dawa zake. Mfugaji mwenye maumivu ya mwili mzima asiambiwe ana fibromialjia kabla hajapimwa brusela. Na maziwa tuchemshe. Najua wazee watanicheka, lakini nitaendelea kusema.

Daktari wa yeyo alitazama haya na mengine. Hakuyaona. Akampa dawa inayoitwa amitriptilini. Hilo nalo tulisome polepole: a-mi-trip-ti-li-ni. Akaambiwa ameze nusu kidonge usiku. Akarudi nyumbani na bahasha yake ndogo. Alipita kwangu kuniuliza, "Hii ni dawa gani?" Nilikuwa na foleni ndefu ya watoto wa kliniki. Nilimjibu neno moja tu, "Ya maumivu," nikamwita mgonjwa mwingine. Hapo nilikosea, na kosa hilo ndilo limenifanya niandike leo.

Alimeza kwa siku tisa. Siku ya kumi kijana wake, anayesoma sekondari, aliandika jina la dawa kwenye simu. Simu ikamwambia kwamba ni dawa ya sonona. Sonona ni ile huzuni nzito inayomkaa mtu wiki nyingi hata asile, asilale, asifanye kazi. Kijana alisema tu alichosoma. Lakini neno lilipotoka jikoni kwenda kwa baba, na kutoka kwa baba kwenda kwa shangazi, lilikuwa limegeuka. Likawa "dawa ya wendawazimu." Shangazi mtu akasema, "Kumbe walimpima wakaona ni wa Mirembe." Unajua, msomaji, jinsi watu wetu wanavyolitumia jina la hospitali ile ya Dodoma kama tusi. Yeyo alitupa vidonge vyote chooni. Hakuja kwangu miezi mitatu. Alisema mganga alimdanganya.

Nami nasema, alikuwa na haki ya kukasirika. Hakudanganywa, lakini alifichwa, na mtu aliyefichwa huona kama amedanganywa.

Sasa nieleze nilivyopaswa kueleza siku ile.

Dawa hii si ngeni. Marekani ilianza kutumika mwaka 1961 kwa wagonjwa wa sonona. Baadaye madaktari waliona jambo. Wagonjwa wenye maumivu ya mishipa walipata nafuu kwa dozi ndogo, hata wale ambao hawakuwa na sonona kabisa. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani na wa Kanada walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa watu wenye fibromialjia. Waliopewa amitriptilini usiku walilala vizuri zaidi, na wengi wao walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tangu hapo imeendelea kutumika kwa ugonjwa huu nchi nyingi. Hapa Tanzania imo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu.

Dawa moja kuwa na kazi mbili si ajabu. Panga lile lile hukata majani ya ng'ombe asubuhi na kuchanja kuni jioni. Aspirini tuliyoizoea kwa maumivu ya kichwa, leo hupewa pia wagonjwa wa moyo. Hakuna anayemwambia mzee mwenye ugonjwa wa moyo kwamba amepewa dawa ya kichwa.

Inafanya kazi namna gani? Katika ubongo na uti wa mgongo kuna kemikali za mwili zinazopeleka habari kutoka mshipa mmoja hadi mwingine. Baadhi ya kemikali hizo zina kazi ya kutuliza habari za maumivu zinazopanda kwenda ubongoni. Amitriptilini huzifanya zikae kazini muda mrefu zaidi. Kwa mfano wetu, mbwa hauawi. Anatulizwa, ili asibweke kwa kila jani. Na kwa kuwa inaleta usingizi, mwili unapata kupumzika, na mwili uliopumzika hauumi sana kama uliochoka.

Dozi ndiyo inayotofautisha kazi hizo mbili. Kwa sonona daktari huweza kupandisha mpaka miligramu 75, 100 au 150 kwa siku. Kwa maumivu haya huanza na miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, kisha hupandisha polepole akiona inafaa. Mara nyingi haivuki 50.

Na hata kama yeyo angepewa kwa ajili ya sonona, aibu iko wapi? Mtu aliyefiwa, au mwenye deni, au aliyeumwa miaka mitatu bila kuaminiwa, anaweza kupata sonona kama anavyoweza kupata kichomi. Tena maumivu ya muda mrefu na sonona mara nyingi hutembea pamoja kama ng'ombe na kupe wake. Sipendi tuitetee dawa hii kwa kuwatukana wagonjwa wengine wanaoihitaji.

Yako mambo ambayo mgonjwa lazima aambiwe kabla ya kumeza. Mdomo utakauka. Atakunywa maji mara kwa mara. Choo kinaweza kuwa kigumu. Wengine huongezeka uzito. Akisimama ghafla, hasa akiamka usiku kwenda chooni, kichwa kinaweza kuzunguka, basi akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Asubuhi anaweza kuwa na usingizi mzito. Yeyo huamka saa kumi na moja alfajiri kukamua. Akimeza saa nne usiku, atasinzia chini ya ng'ombe. Akimeza saa mbili usiku, usingizi unakuwa umepungua alfajiri. Jambo dogo kama hili ndilo linalomfanya mtu aendelee na dawa au aiache, nalo huwa haliandikwi kwenye bahasha. Kijana wa bodaboda naye asiendeshe mpaka ajue dawa inamfanyaje.

Nafuu haiji kesho. Usingizi unaweza kutengemaa katika wiki ya kwanza. Maumivu huchukua wiki kadhaa. Aliyemeza siku tisa akasema haifai, hajaijaribu. Na anayetaka kuacha baada ya kuizoea asiache ghafla. Apunguze kidogo kidogo kwa ushauri wa daktari, ama sivyo atapata kichefuchefu, kuumwa kichwa na usiku mbaya.

Sasa hatari zake. Hii si dawa ya kugawana. Jirani akisema naye mwili unamwuma, mwelekeze zahanati, usimpe nusu yako. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya macho, mzee ambaye mkojo wake hutoka kwa shida, mama mjamzito au anayenyonyesha, mwenye kifafa, hao wote wamwambie daktari kwanza. Usiichanganye na pombe, iwe mbege au gongo. Ukinunua dawa nyingine ya maumivu kali, hasa tramadoli, sema kwanza unachomeza. Zikikutana bila daktari kujua zinaweza kuleta degedege hata kwa mtu mzima. Kubwa kuliko yote ni watoto. Vidonge vichache tu vya amitriptilini vinaweza kusimamisha moyo wa mtoto mdogo. Visikae chini ya mto, wala kwenye kikapu cha viazi. Na mtu yeyote aliye na mawazo ya kujiua asiachiwe vidonge vingi mkononi. Amwambie mganga mawazo hayo wazi. Hatutamcheka wala kumsema.

Mimi sianzishi dawa hii. Huanzishwa na daktari. Kazi yangu mimi wa zahanati ni kumtambua mtu wa kupeleka, kisha akirudi, kumweleza vizuri na kumfuatilia. Wapo wenzangu wanaosema mgonjwa wa kijijini asielezwe sana, maana akisikia neno sonona atakataa dawa. Mimi sikubaliani nao. Yeyo hakuelezwa, na alikataa vilevile, tena kwa hasira. Siku hizi kila nyumba ina simu. Kama sisi hatusemi, simu itasema, na shangazi ataongeza. Heri asikie kwangu akiwa amekaa kwenye benchi, aulize anachotaka.

Na nisikisifu kidonge kupita kiasi. Haponyi kila mtu. Wanaopata nafuu kubwa ni wachache kuliko wasioipata. Wengi wanapata nafuu ya kiasi, na wengine hawapati kitu isipokuwa mdomo mkavu. Baada ya miezi kadhaa kama hakuna tofauti, daktari aipunguze na kuiondoa. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walitoa ushauri wao juu ya ugonjwa huu, na jambo pekee walilolisisitiza kwa nguvu zote ni mazoezi ya mwili. Dawa waliziweka nyuma ya mazoezi.

Nilipomwambia yeyo habari ya mazoezi alinitazama sana. "Mazoezi? Nalima, nabeba ndoo, nakata majani. Unataka nicheze mpira?" Alikuwa na hoja. Lakini tazama namna anavyofanya kazi. Siku akijisikia nafuu analima kutwa nzima ili afidie. Kesho yake na keshokutwa hawezi kuinuka. Hayo si mazoezi, ni kujivunja. Mwili wenye fibromialjia unataka kazi ya kiasi kila siku, na kutembea mwendo wa kawaida, kwanza dakika kumi, baada ya wiki kumi na tano, bila mzigo. Bila mzigo, narudia. Na hapa nawageukia akina baba. Mama akitembea bila ndoo, ndoo itabebwa na nani? Sisi wanaume tuna mabega. Nimeambiwa kwamba Mwarusha habebi maji. Mimi nimeona wanaume wa hapa wakibeba mifuko ya saruji bila kulalamika.

Bibi yangu alikuwa mwanakisomo. Mwaka 1973 alikaa katika kikundi kusikiliza redio, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, na siku zote alisimulia jinsi walivyochimba choo wiki ile ile. Nawaonea wivu watu wa wakati ule kwa jambo moja. Walipigana na maadui wanaoonekana. Choo unakiona, mbu unamwona. Maumivu ya yeyo hakuna aliyeyaona, hata mimi niliyekaa naye meza moja mara tano.

Nilimfuata nyumbani kwake. Nilikaa naye nje pamoja na mumewe na yule kijana wa sekondari, nikaeleza yote niliyoandika hapa, na mfano wa mbwa nao. Mume hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama dawa inaharibu maziwa ya ng'ombe akikamuliwa na anayeimeza. Nikasema hapana. Akasema basi. Yeyo alirudi hospitali akapewa upya.

Maumivu hayajaisha. Lakini analala, diklofenaki ameiacha, na sasa anakamua ng'ombe wote wawili bila kupumzika katikati, isipokuwa siku za baridi ya mwezi wa saba. Vidonge anaviweka katika kopo la chai juu ya kabati. Ubavuni mwa kopo amebandika karatasi, na juu ya karatasi ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa alizojifunza kisomoni: YA MAUMIVU. SAA MBILI USIKU. WATOTO WASIGUSE.